Ofisi ndogo ya usanifu iliyogoma kubomoa: Lacaton na Vassal. Karibuni tujadili

Mchoraji wa Keko (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Haipiti wiki humu bila mtu kuuliza: nimenunua nyumba ya zamani, nibomoe au nikarabati? Majibu huwa yale yale: bomoa mkuu, usihangaike na kuta za watu. Mimi ni msanifu majengo na jibu hilo linaniuma, kwa sababu linatolewa kabla mtu hajaiona nyumba yenyewe. Leo naleta habari za ofisi ya Ufaransa iliyojenga jina lake kwa kufanya kinyume cha hivyo. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande.

Ofisi ni ya watu wawili, Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal. Walisoma usanifu Bordeaux, wakafungua ofisi mwaka 1987, na siku hizi wapo Montreuil, pembeni mwa Paris. Hawajawahi kuwa kampuni kubwa. Kazi zao zilizovuma zaidi wamezifanya bega kwa bega na wasanifu wengine wenye ofisi ndogo, hasa Frédéric Druot na Christophe Hutin. Mwaka 2021 wakapewa Pritzker, ambayo katika fani yetu hakuna tuzo iliyo juu yake. Mwaka uliofuata ilikwenda kwa Francis Kéré wa Burkina Faso, naye anastahili uzi wake.

Nianzie Niger, kwa sababu huko ndiko walikopata jicho lao. Vassal, mzaliwa wa Casablanca, alifanya kazi Niger kama mpangaji miji miaka ya mwanzo ya 1980, na Lacaton akawa anakwenda kumtembelea. Mwaka 1984 wakajenga kibanda Niamey, juu ya mchanga, kikitazama mto. Kupata mahali pa kukiweka kuliwachukua miezi 6. Kukijenga kwa matawi kukachukua miezi 3. Ndani ya miaka 2 upepo ukawa umeshakimaliza. Angalieni huo uwiano: muda wa kutafuta mahali ni mara mbili ya muda wa kujenga. Ukishauelewa, kazi zao zote zilizofuata unazielewa.

Mwaka 1996 jiji la Bordeaux liliwapa kazi ya kuupendezesha uwanja mmoja wa umma, Place Léon Aucoc. Ni uwanja mdogo wa pembetatu katikati ya nyumba za watu wa kawaida. Wakaenda wakakaa pale, wakaangalia nani anapita na nani anakaa wapi, wakazungumza na wakazi. Kulikuwa na miti ya kivuli pande zote, mabenchi, na sehemu ya changarawe ambako watu wanacheza ule mchezo wao wa kurusha mipira ya chuma. Wakarudi na jibu: uwanja huu tayari ni mzuri. Badilisheni changarawe, fagieni mara nyingi zaidi, itibuni miti, rekebisheni kidogo mwendo wa magari. Basi. Hawakujenga kitu. Na hadi leo kazi hiyo wanaiweka kwenye orodha ya kazi zao pamoja na majumba.

Nikisema falsafa ya usanifu sizungumzii mtindo wa paa au rangi ya ukuta. Nazungumzia mpangilio wa maamuzi: nini kinaangaliwa kwanza, nani anaulizwa, hela inawekwa wapi. Naamini kwa dhati kwamba hilo ndilo tunalolikosa sana huku kwetu, kuliko vifaa na kuliko teknolojia.

Naendelea.

Mchoraji wa Keko

Sasa njoo kwenye maghorofa. Ufaransa, kama nchi nyingi za Ulaya, ilijenga nyumba nyingi sana za kupangisha kwa haraka miaka ya 1950 na 1960. Ilipofika 2003 ikapitishwa sheria ya kufufua miji, na mpango wake ulikuwa kubomoa nyumba za jamii (za kupangisha kwa kodi nafuu) kama 200,000 na kujenga nyingine. Lacaton, Vassal na Druot wakaandika utafiti wao mwaka 2004 wakipinga moja kwa moja. Msimamo wao: usibomoe kamwe, usipunguze, usiondoe ili uweke kingine; siku zote ongeza, geuza, tumia tena kilichopo.

Mtu angeweza kusema hayo ni maneno ya wasomi. Wakapata nafasi ya kuyaonyesha kwenye jengo la Tour Bois-le-Prêtre, kaskazini mwa Paris, la mwaka 1961, lenye nyumba 96. Lilikuwa limeshakarabatiwa mara moja, likavikwa paneli zilizofanya madirisha yawe madogo na ndani kuwe na giza. Walichofanya ni hiki. Wakaondoa ule ukuta wa nje, wakasimamisha mbele yake vipande vya sakafu vilivyotengenezwa kiwandani, vyenye upana wa mita 3 kutoka ukutani, ghorofa kwa ghorofa. Kila nyumba ikapata chumba kipya cha vioo na mbele yake baraza ya kusimama. Hapo palipokuwa na dirisha dogo pakawa na mlango mpana wa kioo wa kusukuma.

Hapa naomba msome taratibu. Wapangaji hawakuhamishwa. Fundi anabandua ukuta wa sebule yako, wewe umelala chumba cha pili. Kabla ya kuanza kulikuwa na mikutano na wakazi, na nyumba haikufanyiwa kitu bila mwenyewe kujua kinachokuja. Kazi ilikamilika 2011. Gharama ilikuwa kama yuro milioni 11, wakati makadirio ya kubomoa na kujenga upya yalikuwa kama milioni 20. Nishati ya kupasha nyumba joto ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Kisha wakarudia kwa ukubwa zaidi Bordeaux, mtaa wa Grand Parc, safari hii wakiwa na Hutin pia: majengo matatu, nyumba 530, kina cha nyongeza mita 3.8. Kazi ndani ya nyumba moja ilikuwa inachukua kama wiki mbili, na kodi haikupanda. Mradi huo ulichukua tuzo ya Ulaya ya Mies van der Rohe mwaka 2019. Ukiangalia picha za baada ya watu kuzoea, kila nyongeza iko tofauti: huyu kaweka meza ya kulia, huyu maua, huyu kamba ya nguo na baiskeli ya mtoto. Wasanifu walitoa nafasi wakaacha, hawakumwambia mtu aitumieje.

Injinia wa Pwani

Mkuu, uzi mzuri, nimekaa mkao wa kusoma. Ila lazima niweke breki hapa. "Usibomoe kamwe" ni kauli ya hatari ukiileta Dar es Salaam bila maelezo. Majengo ya pwani yana chumvi. Nimeona nguzo unagonga kwa nyundo, zege linadondoka kama biskuti, nondo ya ndani imebaki nusu ya unene wake. Tena sisi tunaongeza ghorofa mbili juu ya msingi uliopigiwa hesabu ya moja. Watu wamekufa kwa mtindo huo. Hao Wafaransa walikuwa na michoro ya jengo na kumbukumbu zake. Wewe ukienda kwa mmiliki huku, hata ramani hana.

Mchoraji wa Keko

Injinia, hoja yako naikubali yote, na nafurahi umeileta mapema. Lakini angalia walivyoongeza. Hawakuweka uzito juu ya jengo la zamani, wala hawakuning'iniza baraza kwenye slabu (sakafu za zege) zake. Nyongeza ina nguzo zake na msingi wake, inasimama yenyewe, imeshikizwa tu kwenye jengo ili isiyumbe. Ni kinyume kabisa na desturi yetu ya kupandisha ghorofa.

Kuhusu zege lililochoka: hapo ndipo kuangalia kunapoanza. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kuna vipimo: kukata kipande cha zege ukakivunje maabara, kupima chumvi na kina cha kutu, kuskani nondo. Gharama yake ukilinganisha na kubomoa ni ndogo sana. Ninachokipinga ni kubomoa bila kupima. Jengo likipimwa likaonekana limekwisha, limekwisha, nami nitakuwa wa kwanza kusema lishushwe.

Injinia wa Pwani

Hapo tumeelewana. Na nikuongezee moja: kwenye majengo mengi ya miaka ya 60 ambayo nimeyapima, sehemu mbaya huwa si fremu yote (nguzo na mihimili). Ni mabaraza ya nje, vyoo, na pale bomba la maji taka lilipovuja kwa miaka. Nguzo za ndani mara nyingi ziko imara, maana mafundi wa wakati ule hawakubania saruji. Ripoti ya vipimo ikiwa mezani, mazungumzo na mwenye jengo yanabadilika kabisa.

MwanaMvita

Assalamu alaykum jamani. Nawasoma kutoka Mombasa. Mimi la zege siliwezi, langu ni joto. Chumba cha vioo mbele ya nyumba, kwa baridi ya Paris sawa, jua linapasha kile chumba na nyumba inakuwa na koti. Ukinijengea hicho huku Mwembe Tayari, kaskazi inavuma, utakuwa umenijengea tanuri.

Mchoraji wa Keko

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Ni kweli kabisa, na anayenakili picha zao bila kuelewa atajenga tanuri. Lakini hebu tuangalie kinavyofanya kazi. Kuanzia ndani: mlango wa kioo wa kusukuma, pazia zito la kuzuia baridi, kisha chumba chenyewe, kisha paneli nyepesi za plastiki ngumu inayopitisha mwanga, nazo zinasukumwa, na pazia lingine la kukinga jua, mwisho baraza ya wazi yenye kizuizi cha kushikia. Mkazi ndiye anayeendesha. Kiangazi anafungua vyote, chumba kinakuwa kivuli chenye upepo. Baridi anafunga. Hakuna mashine.

Kwa pwani yetu unaondoa vioo na plastiki, unabaki na kina. Mita 3 za kivuli mbele ya ukuta wa magharibi, jua la saa kumi halikugusi. Hicho kitu ninyi Mvita na Unguja mlikuwa nacho kabla ya sisi sote: veranda, baraza ya nje, madirisha ya luva yanayopitisha upepo huku yamefungwa. Tumekiondoa wenyewe, tukaweka dirisha bapa la kioo na aluminiamu ukutani na kiyoyozi juu yake.

MwanaMvita

Hapo sasa umenena. Nyumba ya bibi yangu Mji wa Kale ilikuwa na roshani ya mbao, ikaoza, ikatolewa isirudishwe. Tangu hapo chumba cha mbele hakikaliki mchana. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili mpaka leo nimeyasoma hapa.

Mpangaji Upanga

Mimi si mtu wa ujenzi, ni mpangaji tu. Kilichonigusa ni hilo la watu kutohamishwa. Mnaozungumza gharama mnahesabu saruji na nondo. Mimi nikihamishwa nahesabu shule ya watoto, duka linalonikopesha, jirani anayenishikia funguo, daladala moja badala ya tatu. Watu wa Magomeni Kota, hapa Dar, wanajua. Nyumba zao zilibomolewa, kaya 644 zikatawanyika kwa miaka mpaka maghorofa mapya yalipozinduliwa Machi 2022. Walirudi, na nyumba ni nzuri, hilo sipingi. Ila ile miaka ya katikati haipo kwenye hesabu ya mkadiriaji yeyote wa gharama za ujenzi.

Mchoraji wa Keko

Dada (au kaka, samahani), umelisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi. Magomeni Kota tuitendee haki: zilikuwa nyumba za chini kwenye ardhi kubwa katikati ya jiji, na kujenga kwenda juu kulikuwa na mantiki yake. Si kila mahali panafanana na Grand Parc. Lakini hoja yako inasimama palepale. Lacaton amelizungumzia jambo hili mara nyingi: nyumba ya mtu ina miaka ya maisha ndani yake, na ukibomoa unaifuta hiyo pia. Kwao kushirikiana si mkutano mmoja wa kupiga picha na wakazi. Kushirikiana ni kukubali kwamba yule mama wa ghorofa ya saba anaijua nyumba yake kuliko wewe mwenye kompyuta.

Niongeze kipande kingine, cha hela, maana hapo ndipo wengi wanadhani hawa watu ni wa nyumba za bei rahisi. Hapana. Wanachotaka ni nafasi kubwa kwa hela ile ile, na ili uipate inabidi uache vitu fulani.

Nyumba yao ya mwanzo iliyojulikana ni ya familia ya Latapie, Floirac, karibu na Bordeaux, mwaka 1993. Bajeti ndogo, mke na mume na watoto wawili. Badala ya kujenga nyumba ndogo yenye urembo, walitumia fremu rahisi ya chuma, upande mmoja chumba cha kuishi, upande wa pili banda la kupitisha mwanga, kama yale ya kukuzia mboga, likashikamana na nyumba. Kwa hela ile ile familia ikapata nafasi ambayo nyumba ya kawaida isingewapa.

Shule ya usanifu ya Nantes, 2009, ni hivyo hivyo kwa ukubwa wa kutisha: sakafu za zege zenye nguvu, fremu wazi, ndani yake wameweka madarasa na ofisi nyepesi, na jengo zima likawa karibu mara mbili ya nafasi iliyoombwa. Ile ya ziada haina jina. Wanafunzi wanajengea humo mifano, wanafanya maonyesho. Kuna njia ya mteremko inayopanda kutoka barabarani hadi paani, gari linapita.

Halafu Dunkerque, 2013. Walipewa ukumbi mkubwa mtupu wa karakana ya meli, waugeuze uwe makumbusho ya sanaa. Wakasema ukumbi huu ukiujaza vyumba utaua kitu pekee kilicho nacho, ukubwa wake. Wakauacha mtupu, wakajenga pembeni yake jengo jipya lenye umbo na ukubwa ule ule, jepesi, linalopitisha mwanga. Bajeti ile ile, majengo mawili. Nimeitazama picha ya hayo majengo pacha mara nyingi sana na bado naona ni moja ya maamuzi ya kijasiri zaidi katika fani yetu.

Mkadiriaji

Nimesubiri nione kama kuna atakayeligusa hili, naona hakuna. Ada. Msanifu huku analipwa asilimia ya gharama ya ujenzi, na sisi wakadiriaji pia. Jengo likiwa la bilioni 5 nakula asilimia ya bilioni 5. Ukimwambia mteja "uwanja wako ni mzuri, badilisha changarawe", asilimia ya changarawe ni nini? Falsafa nzuri, lakini mfumo mzima wa malipo umekaa upande wa kubomoa. Usitulaumu kwa tabia tu.

Mchoraji wa Keko

Mkadiriaji, hili ndilo swali gumu kuliko yote na nilitaka nilijibu mwishoni. Uko sahihi. Ada ya asilimia inamlipa mtu kwa kuongeza gharama. Ofisi ndogo ya watu wawili watatu ikiishi kwa ada hiyo peke yake, itabomoa tu, hata kama moyo hautaki.

Ninachofanya mimi sasa ni kuitenganisha kazi ya kuangalia na kazi ya kuchora, mikataba miwili. Wa kwanza una bei yake kamili, haitegemei kitakachojengwa: napima jengo, naleta injinia wa vipimo, nakaa na watu wanaolitumia asubuhi na jioni, na wewe Mkadiriaji unanipa hesabu tatu zilizo kamili. Kubomoa na kujenga upya, ukiweka humo kodi ya mahali pa kuhamia na mapato yanayopotea wakati wa ujenzi. Kukarabati tu. Na kuongeza. Mteja anapewa ripoti yake, hata akiamua kwenda kwa msanifu mwingine. Bei ya mkataba huo naiandika ukurasa wa kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Mkadiriaji

Na wateja wanakubali kulipia ripoti isiyo na picha za rangi?

Mchoraji wa Keko

Wenye majengo ya kupangisha wanakubali haraka, kwa sababu hesabu ya mapato yanayopotea wanaielewa kabla sijamaliza sentensi. Wenye nyumba za kuishi ni wagumu zaidi, wengi wanataka ramani jana. Hao huwa naanza nao kwa kuwaomba tutembee nyumba nzima saa nane mchana, kila mmoja aseme chumba anachokwepa na kwa nini.

Mpangaji Upanga

Na sisi wapangaji mnatuhoji au mnamhoji mwenye nyumba peke yake?

Mchoraji wa Keko

Wapangaji kwanza. Mwenye nyumba mara nyingi hajui hata upande gani mvua inaingia.

Injinia wa Pwani

Mkuu, nitumie ujumbe wa faragha. Nina jengo la ghorofa nne, fremu nimeipima mwezi uliopita na iko vizuri, mwenyewe keshaita watu wa kubomoa. Nataka aione hiyo hesabu ya tatu kabla hajasaini.